Bapa Wawili Katika Birika la Bi Hayat

Rawiya: Haloo? Nani mwenzangu?

Husni: Asalaam aleikum.

Rawiya: Wa aleikum salaam… Mama hayupo. Ameenda shamba.

Husni: Rawiya—

Rawiya: Akirudi ntamwambia umepiga.

Husni: Usikate! Nakuomba usikate. Simu yako imezimwa siku kumi, ndiyo nikapiga hii ya mama'ko.

Rawiya: Siku kumi wazihisabu?

Husni: Nazihisabu.

Rawiya: Na leo ya kumi ndiyo umekumbuka kuwa mama'ngu ana simu.

Husni: (Mtandao wakwaruza.) —sikii. Umesemaje?

Rawiya: Nasema hujambo.

Husni: Sijambo. Sijambo ya mdomoni tu. Wewe? Wazee wa huko Mbwajumali?

Rawiya: Wazima, alhamdulillahi. Husni, hukupiga kuuliza wazee.

Husni: Nina shida, mke wangu. Shida kubwa.

Rawiya: Shida gani? Waumwa?

Husni: Siumwi.

Rawiya: Sauti yako imekauka. Wala kweli? Nani akupikia?

Husni: Nala mkate. Rawiya, sikiza. Wale wawili wako hai?

Rawiya: Wawili gani?

Husni: Bapa. Wale samaki wangu wa mistari, mume na mke. Wako hai?

(Kimya kirefu.)

Husni: Haloo? Rawiya?

Rawiya: Nipo.

Husni: Sikulaumu, wallahi. Siku ulotoka niliona tangi lao tupu, nikayua umekwenda nao. Nikasema haya, ana hasira, atawarudisha. Lakini sasa nawataka. Vitoto vyote vimekufa.

Rawiya: Vyote?

Husni: Vyote miambili. Stima ilipotea siku mbili mtaa mzima. Pampu za hewa zikanyamaza, betri ikaisha chaji. Nikakaa nakoroga maji kwa mkono, tangi hili, nitoke niende lile, mpaka bega likafa ganzi. Naviona hivi kwa mato yangu vyapanda yuu kutafuta pumzi. Vikaelea. Kimoya kimoya, Rawiya.

Rawiya: Pole.

Husni: Nilikuahidi nini? Kuwa samaki watajilisha wenyewe, senti ya nyumba haitaingia tangini. Uzao ule mmoya ungenunua chakula cha mwaka mzima, na pampu nzuri, na tangi la kutagia. Yule wa duka la Mombasa alikuwa avitaka vyote. Sasa sina uzao, nina maji tu. Wakipotea na hawa wawili, basi, nauza matangi. Sina pa kuanzia.

Rawiya: Hawako huku.

Husni: Usinitanie.

Rawiya: Mimi nipande boti na ndoo ya samaki mapajani? Wanionaje, Husni?

Husni: Umewafanya nini? Umewakaanga?

Rawiya: Laiti ningewakaanga ningekuwa nimekula kitu. Nimempa Bi Hayat wa mtaani kwetu.

Husni: Bi Hayat wa nini? Yeye na samaki wapi na wapi?

Rawiya: Awatie birikani.

Husni: Birikani! Kwenye hodhi la chooni?

Rawiya: Lilikuwa limejaa viluwiluwi vya mbu. Nyumba gani ya mji wa Amu haina samaki birikani? Usijifanye mgeni.

Husni: Wale ni vijisamaki vya kisimani, Rawiya! Hawa niliwatoa Mombasa! Niliwapakata kwenye chupa basi zima mpaka Mokowe, nikawafunika kanzu wasipigwe na yua!

Rawiya: Nayua ulivyowapakata. Nalikuwa kiti cha nyuma.

Husni: Haya. Haya, si neno. Birika si baya, lina kivuli, na viluwiluwi ni chakula. Siku kumi… wanaweza kuwa hai. Nakwenda sasa hivi nikawaombe.

Rawiya: Leo ni Jumatatu?

Husni: Jumatatu, ndiyo.

Rawiya: Husni. Arusi ya Maram ni Alhamisi.

Husni: Maram binti yake?

Rawiya: Ana Maram wangapi? Nyumba yaja wageni. Birika litamwagwa, lisuguliwe, lipakwe chokaa. Na chokaa yataka ikauke kabla ya maji mapya kutiwa. Hesabu mwenyewe. Kama hawakupaka yana, wapaka leo.

Husni: Ya Rabi.

Rawiya: Umesimama? Nenda!

Husni: Naenda, naenda, natafuta kiatu— Mpigie! Mwambie asimwage!

Rawiya: Simu ya mama haina salio hata la kubipu. Kimbia.

Husni: Nimetoka. Niko ndiani. Usikate.

Rawiya: Sikati.

Husni: (Ahema.) Salio langu lenyewe ni dogo. Ongea nami tu, nisikie uko.

Rawiya: Niongee nini?

Husni: Lolote. Niambie kosa langu. Siku kumi nalitafuta silioni. Nilikupiga? Nilikutukana? Nimefurahi siku moya katika maisha yangu, nikawapelekea majirani halua. Halua ni kosa?

Rawiya: Wauliza kweli au wapitisha ndia tu?

Husni: Nauliza kweli.

Rawiya: Sahani saba, Husni. Zimefunikwa kawa, na birauli ya kahawa. Zimetoka nyumba ya watu waliooana miaka sita, na aliyezipeleka hakutumwa na neno. Wewe ni mtoto wa Amu. Sahani kama hiyo yasema nini?

Husni: Nilifurahi tu. Vitoto vilikuwa vimeanza kuogelea—

Rawiya: Wakaya wanawake wa mtaa. Wakaya na ubani. Vigelegele kutoka dakani, pale mlangoni, mpaka ukumbini. Mamake Amjad alileta shuka ya mtoto, kaidarizi kwa mkono wake, sijui kaiweka tangu lini akiningojea mimi. Akanishika tumbo. Akanisomea dua, Husni, mkono uko hapa tumboni. Nami nikamwacha amalize, maana huwezi kumkata mtu dua. Ndipo nikawaambia. Nikasema, ni samaki.

(Mtandao wakwaruza.)

Rawiya: Umenisikia?

Husni: Nimekusikia.

Rawiya: Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, na hiyo ndiyo ilonitia kisu. Na wewe uko orofani, wahisabu.

Husni: Hukuniita.

Rawiya: Nilikuita. Mara mbili. Ukasema, ngoja nimefika mia na arubaini, nitapotea.

Husni: Rawiya, mimi— Lo! Lo, lo, lo!

Rawiya: Nini?

Husni: Punda! Punda wanne wamejaza ndia, siwezi kupita! Wee! Wape nafasi! …Asema wamebeba mzigo, hawarudi nyuma.

Rawiya: Wamebeba nini?

Husni: Magunia. Meupe meupe… Chokaa.

Rawiya: Wamwendea nani?

Husni: Ndugu, hii chokaa ni ya wapi? …Ya kwa Bi Hayat, Rawiya. Ya kwa Bi Hayat!

Rawiya: Basi hawajapaka! Zunguka, pita nyuma ya msikiti, utokee kwenye ukuta ulobomoka!

Husni: Ndiyo. Ndiyo, umesema kweli.

Rawiya: Angalia tini, pale pana mtaro wazi.

Husni: (Ahema.) Nimeuruka. Bi Hayat alikuwamo? Miongoni mwa waliocheka?

Rawiya: Bi Hayat hakucheka. Wenzake walipotoka yeye alibaki. Akakaa nami mkekani asiseme kitu mpaka adhana ya alasiri. Kisha, kama wa kubadilisha maneno, akasema birika lake limemshinda kwa mbu. Nikapanda yuu nikamtekea wale wawili. Yeye hakuomba. Nilimpa mwenyewe.

Husni: Ili uniumize.

Rawiya: Ili nione kama utanipigia.

Husni: Nimefika. Hodi! Hodi hapa! …Mlango uko wazi nusu, lakini ndani ni wanawake watupu, nasikia wacheka. Siwezi kuingia. Hodi jamani!

Rawiya: Piga kwa nguvu.

Husni: Hodiii! …Kuna mmoya ajibu, "Mwanamume asipite, tuna kazi." Nasikia maji, Rawiya. Wamwaga maji. Wamwaga birika!

Rawiya: Nitie kwenye spika.

Husni: Eti?

Rawiya: Spika, Husni! Itie spika, uisukume simu mlangoni!

Husni: Haya. Tayari. Sema.

Rawiya: Bi Hayat! Bi Hayat, shikamoo, ni mimi Rawiya! Nakupigia kutoka kwetu! Wale samaki nilokupa, nakuomba wasimwagwe na maji! Wamo wapi? Husni yuko hapo dakani, mumpe! Bi Hayat, nisitiri!

(Kelele. Mtandao wakatika, warudi.)

Rawiya: Husni? Asemaje?

Husni: Ngoja… Asema, "Marahaba mwanangu." Asema waliwatoa asubuhi, wakawatia ndooni.

Rawiya: Ndoo iko wapi?

Husni: Iko kiwandani, pale uani. Asema ilikuwa kivulini, yua limezunguka. Wamekwenda kuitazama. Rawiya, yua la saa hizi, ndoo ya plastiki! Watakuwa wameiva!

Rawiya: Mwachie Mungu. Subiri.

Husni: Kwa nini wakawia hivi?

Rawiya: Subiri, Husni.

Husni: Mkono huo! Mkono umetoka na ndoo! …Ahsante, Bi, ahsante, Mungu akulipe… Naangalia. Mmoya amelala ubavu.

Rawiya: Apumua?

Husni: Sioni, maji yana povu. Ngoja nipulize… Amegeuka. Amegeuka, Rawiya! Apiga mapezi! Na jike huyu hapa, mzima, amenona, tumbo limejaa mayai! Wote wawili! Alhamdulillahi! Allahu akbar! Wote wawili, Rawiya! Tumepona!

Rawiya: Alhamdulillahi.

Husni: Wiki haitoki atataga! Nitaanza upya, nitatafuta betri kubwa, nita— Si nilisema? Wote wawili!

Rawiya: Nimesikia.

Husni: Rawiya?

Rawiya: Nimefurahi, Husni. Wallahi nimefurahi. Sasa ntakuaga, nina nguo za kuanua.

Husni: Ngoja, Bi Hayat asema kitu nyuma ya mlango… Ndiyo, Bi… Akuuliza utakuya arusini? Asema Maram akutaka uwe naye siku ya kutiwa hina.

Rawiya: Yeye auliza.

Husni: Ndiyo, yeye.

Rawiya: Na wewe?

Husni: Mimi nini?

Rawiya: Hakuna. Mwambie ntamjibu.

Husni: La, ngoja. Rawiya, ngoja, usikate. Nimekwelewa. Nataka kusema, lakini maji yamwaika, nimeshika simu kwa bega— Acha niitue hii ndoo kwanza, niseme.

Rawiya: Usiitue, wapeleke nyumbani. Umesema mwenyewe, yua kali.

Husni: Nimeshaitua.

Rawiya: Yuani?

Husni: Ndiyo.

Rawiya: Husni, watakufa hao.

Husni: Nayua.

(Mtandao wakwaruza.)

Rawiya: Haya.

Husni: Rawiya, siku ile ulosimama na wale wanawake, mimi yuu naihisabu mia na arubaini… Mimi si kwamba sikukusikia ukiniita. Nilizisikia sauti zao. Nilifahamu wamekuyia nini. Nikaona haya kushuka, nikakuacha peke yako. Tangu siku hiyo nakutafutia neno silipati, ndiyo leo nimepitia kwa samaki. Nalotaka kukwambia ni kwamba—

(Mlio mfupi. Salio la Husni limekwisha.)

Rawiya: Ni kwamba nini? …Husni? …Sema tu. Nimekaa kitako, nakusikiza.