Shangazi na Mikanda ya Mapacha

Miaka thelathini na mmoja na miezi miwili: huo ndio muda ambao Shangazi ametumikia kitengo cha kompyuta cha hospitali yetu, na tarehe 30 Juni anastaafu rasmi. Sote tunamwita Shangazi, hata mkuu wa kitengo, ambaye kwa hesabu za kawaida angekuwa kaka yake.

Alipoajiriwa, kitengo kizima kilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la dawa, chenye kompyuta mbili na feni moja, na feni ilikuwa ya kompyuta. Binadamu walijipepea kwa mafaili. Nusu yetu tumefundishwa kazi naye. Ukimpelekea tatizo, kwanza anakuuliza kama umekula. Chai yake ya saa nne tumeanza kuikumbuka kabla hata hajaondoka.

Lakini tutakachosimulia zaidi ni ile programu ya mikanda. Aliichagua yeye, miaka kumi na miwili iliyopita, kutoka kampuni moja ya nje. Ilichapa mikanda ya mkononi ya watoto wachanga, na mwanzoni ilituheshimisha kwelikweli. Kisha kampuni ikafungwa, tukabadilisha kompyuta, na programu ikaanza visa: ukichapa mikanda miwili ndani ya dakika moja, wa pili unatoka na maelezo ya wa kwanza. Tulitia viraka, havikushika. Wakunga wakajitafutia dawa yao, wakawa wanasubiri saa ya ukutani ivuke dakika ndipo wachape wa pili.

Februari tulikaa kikao kuamua kama tuiondoe au tuiache. Wengi tulisema iachwe. Ukweli ni kwamba tulimwonea Shangazi haya. Nani angemwambia kuwa chaguo lake limechakaa, tena miezi minne kabla ya kumuaga? Na programu mpya ikiharibika, angeondoka na doa hilo. Yeye mwenyewe alilijua hilo.

Kesho yake alibeba kiti chake akaenda kukaa wodi ya wazazi, siku tatu, akitazama tu. Siku ya tatu mkunga alikuwa na pacha wa pili mikononi, akisubiri saa, mara mama wa kitanda cha pili akamwita kwa uchungu. Mkunga akachapa bila kusubiri, akamvalisha mtoto mkanda wa ndugu yake, akakimbia. Shangazi ndiye aliyeuona.

Alirudi ofisini akatuambia kuwa aliileta yeye na ataiondoa yeye. Tuliandika programu mpya kwa wiki tisa. Alikataa kuiandika peke yake, kila mstari alitaka mmoja wetu auelewe. Hakutaka tuache kumtegemea mgeni ili tuje kumtegemea mstaafu.

Ijumaa iliyopita walizaliwa watatu kwa mpigo. Shangazi aliposikia, alisogeza kiti karibu na simu na kuiacha chai yake ipoe. Ilipofika saa nane wodi haikuwa imepiga. Alikwenda mwenyewe, akasoma mikanda mitatu, akarudi akifuta macho na kudai ni vumbi.

Shangazi, asante kwa kila ulichotufundisha. Tutakukosa sana. Kapumzike kwa afya na furaha, na ukiona hatukupigii simu, ujue kazi yako inakwenda.