Tulivyopimwa Siku ya Afya

Mama zangu, shikamooni. Uvumilivu wangu uliishia juu ya mizani ya kupimia marobota ya vitambaa. Kiwandani tunaposhona sare waliita ile Siku ya Afya. Msimamizi ameshika kipaza sauti, anatupandisha mmoja mmoja, anatangaza kilo zetu mbele ya wanaume wa stoo. Zamu yangu akasema, "Mama Brayani, mtoto ametoka, tumbo limegoma." Wakacheka. Nikashuka, nikamwambia, "Panda na wewe kaka, tusikie zako."

Ndugu zangu, kilo si shida. Nilipokuwa mjamzito sukari ilipanda, nikajifungua ikabaki juu. Nesi akaniambia, "Meza dawa, ule kwa saa, na usikae kitako kutwa." Sasa mshonaji asikae kitako vipi? Mapumziko dakika ishirini, foleni ya kantini inamaliza kumi na tano, na ukifika unakuta chapati na soda.

Nikabeba changu kutoka nyumbani, mtaa wa Kwa Mrombo: ugali wa dona, mboga ya mnafu, parachichi. Msimamizi akapiga marufuku, eti mnafu unanukisha sare. Mlinzi akawa anabaki na kibakuli changu getini. "Dada, nimeagizwa," ananiambia, anaangalia chini. Nikisimama kunyoosha mgongo, msimamizi yuko nyuma yangu: "Kiti kina miiba?" Na ukutani wamebandika bango la kutuhimiza kula mboga na kufanya mazoezi!

Nakiri, nilinyamaza. Niliogopa kufukuzwa na mtoto ananyonya. Siku moja nimemeza dawa, sijala, nikaangukia cherehani, sindano ikapita kidoleni. Nazinduka namsikia msimamizi, "Mtoeni, analowesha kitambaa kwa damu."

Wiki mbili baadaye ndiyo hiyo Siku ya Afya. Tumevalishwa fulana, tumerukishwa mazoezi ili wageni wa mwajiri watupige picha, kisha mizani. Niliposhuka nilikwenda getini. "Kaka, kibakuli changu." Akanipa. Nikakaa katikati ya ukumbi, wageni wakiwapo, nikala mnafu wangu wote. Wenzangu wawili wakaja wakakaa pembeni yangu. Mmoja akanong'ona, "Sogeza basi, na mimi nina njaa."

Tangu siku ile mlinzi hazuii kibakuli cha mtu. Naenda na kurudi kwa miguu, na kipimo cha mwisho sukari ilikuwa imeshuka. Namshukuru nesi aliyeniandikia cheti cha ugonjwa wangu, wale wenzangu wawili, na mlinzi aliyekubali kuwa shahidi wa malalamiko yangu. Ninyi wengine msingoje kuanguka kama mimi. Andikeni mkiwa bado mmesimama.

Nilichompelekea Afisa Kazi, nakala kwa mwajiri, ni hiki:

"Mimi ni mshonaji. Nalalamika kwamba nimezuiwa kula chakula nilichoelekezwa hospitali, nimezuiwa kusimama, nimeumia kazini kwa sababu hiyo, na nimepimwa hadharani kwa mizani ya mizigo. Naomba saa nzima ya chakula, ruhusa ya kuingia na chakula changu, na dakika tano za kutembea kila baada ya saa mbili, kwa washonaji wote. Naomba nijibiwe kwa maandishi."