Mlango Uliolia Majimbo

Ng'riii. Mlio mmoja usiku, wa bati likikwaruza saruji, kisha kimya. Kufikia asubuhi mtaa wa Majimbo ulikuwa na mashahidi wengi kuliko wakazi. Ilikuwa Julai, mwezi ambao Embu hulala ndani ya ukungu na kuamka ndani ya ukungu uleule, na manyunyu yalikuwa yakishuka polepole kama yasiyo na kwingine kwa kwenda. Mbele ya vyumba vitatu vya mawe, kimoja cha kinyozi, kimoja cha M-Pesa, na cha tatu chenye mlango wa bati wa kijani uliokuwa umefungwa kwa miaka, palikuwa na benchi refu. Na mwisho wa benchi palikuwa na jiko la Jama na birika lake la kahawa chungu. Watu wa huku hupanda kahawa, huichuma, huipeleka kiwandani, kisha hurudi nyumbani kunywa chai. Kuinywa walifunzwa na Jama, aliyehamia hapa kutoka Isiolo. Asubuhi hiyo waliketi watatu. Njue, fundi wa simu, aliitwa Spika kwa kuwa hakuna mjadala uliofungwa bila yeye kusema la mwisho. Mwendwa, kijana wa bodaboda, aliitwa Digrii kwa sababu anayo. Na Mwongera, mzee mwenye vyumba, karani wa zamani wa kiwanda cha kahawa, aliitwa Chairman, ingawa hakuwa mwenyekiti wa kitu chochote. Chairman alikuwa ameuficha mkono wa kulia mfukoni mwa koti. Ndani ya mkono huo mlikuwa na ufunguo. Yeye ndiye aliyeufungua ule mlango.

— Hao walikuwa wezi wa transfoma, Digrii alisema.

— Mwizi wa transfoma atafanya nini na mlango? Spika aliuliza. Hiyo ni kaunti. Wanakuja usiku kupima, ndio mchana wakuje na barua ya kubomoa.

— Kaunti ifanye kazi usiku? Jama hakuinua macho kutoka kwa makaa. Mchana wenyewe hatujawaona.

— Basi ni mahindi. Kuna mwanasiasa anaficha hapo ndani mahindi ya kugawa wakati wa kura. Nilisikia gunia likianguka.

— Spika, mlio ulikuwa mmoja.

— Ndio. Gunia moja. Wanaanza pole pole.

Chairman alikunywa kahawa yake. Ilikuwa chungu, na aliipenda ikiwa hivyo.

— Chairman, si hiyo chumba ni yako? Spika aliuliza. Wewe hukusikia?

— Nilisikia.

— Na ukafanya nini?

— Nikalala.

Hakuwa amelala. Alikuwa amesimama katikati ya chumba na tochi ya simu mkono mmoja, kitambaa chenye maji mkono mwingine, akiutazama ubao hadi kitambaa kikamlowesha kiatu.

— Na yule msichana wa kutoka mji wa Maua? Digrii aliuliza. Yule alikupigia simu juu ya chumba?

— Anakuja leo. Nikikataa anaenda Siakago. Ameonyeshwa ukumbi huko, anataka jibu leo hii.

— Anataka chumba ya nini kwani? Duka?

Chairman alizungusha ufunguo mfukoni.

— Kufunza vijana. Kupanga pesa. Kuandika barua ya kuomba kazi. Kujibu maswali ya mahojiano.

Jama alipuliza makaa ambayo hayakuhitaji kupulizwa. Digrii aliinamia simu yake iliyozima kwa kuisha chaji. Hakukuwa na mtu pale asiyejua kwamba mambo hayohayo, kwa mpangilio uleule, yalikuwa yakifunzwa nyuma ya ule mlango wa kijani. Aliyeyafunza alikuwa binti wa Chairman. Alikuwa na shahada na hakuwa na kazi, akaona afadhali wengine wasikae bure kama yeye; akaomba chumba kwa babake, akapaka ubao rangi nyeusi, akaita vijana wa mtaa bila karo. Benchi lilimtania. "Mwalimu wa kazi asiye na kazi," Spika alisema siku moja, na wote wakacheka, na yeye akacheka pia mlangoni na vumbi la chaki nyusini. Mwaka uliofuata alienda Ghuba kufanya kazi za nyumba. Alirudi ndani ya sanduku, na karatasi iliyosema moyo ulisimama, kana kwamba kuna mfu ambaye moyo wake haukusimama.

Tangu mazishi, hakuna aliyetaja jina lake kwenye benchi. Walidhani wanamhurumia mzee. Lakini kabla ya hapo hakuna aliyewahi kumwita Chairman. Kama mzazi yeyote wa huku, aliitwa kwa jina la mtoto wake. Walimwita hivyo kiwandani, kanisani, sokoni, hata wake za watu wasiomjua vizuri walimpigia kelele hivyo kutoka ng'ambo ya barabara. Baada ya mazishi ulimi wa kila mtu ulifika kwenye jina hilo ukarudi nyuma. Ndipo mtu fulani, akitafuta pa kukanyaga, akasema Chairman, na likashika. Kwa hiyo mzee alizika mara mbili: alimzika binti, kisha akaona watu wakilizika jina ambalo yeye mwenyewe alikuwa akilivaa.

Spika hakuwahi kuvumilia kimya kirefu.

— Mimi nitawaambia shida ya vijana, alisema. Ni pesa ya simu. Pesa ya karatasi ukiitoa mfukoni, mkono unauma. Hii ya simu unabonyeza tu, hakuna mahali panauma. Na mkopo ni hivyo hivyo. Kijana anakopa akiwa amelala chali.

— Lakini wewe ndio unatengeneza hizo simu.

— Ndio nasema. Naona vile kioo imepasuka hapo kwa kidole cha kubeti. Shida ya pili ni shule. Mimi nilifunzwa vile wanakata miti huko Kanada wakiteremsha na mto. Hadi leo naweza kukuteremshia gogo hapa hadi Runyenjes. Lakini kusoma karatasi ya mshahara, hapana. Mwalimu hakutaja.

— Mwalimu pia alikuwa hajaiona, Jama alisema.

— Ya tatu ni viatu.

— Viatu tena?

— Digrii, wewe umeenda interview ngapi? Unafikiria wanasoma makaratasi yako? Wanaangalia soli. Soli ikiwa imeisha upande, wanajua huyu ametembea sana, huko kwingine wamemkataa, kwa nini sisi tumchukue. Soli ikiwa mpya, wanajua amekopa. Dawa ni kijana aingie bila viatu kabisa.

— Miguu mitupu kwa ofisi ya watu?

— Watashangaa. Mtu akishangaa, anakumbuka. Jioni wakikaa kuamua, watasema, na yule wa miguu?

Digrii alicheka hadi akamwaga kahawa. Hata Chairman alitabasamu kidogo, upande mmoja. Spika alipoona upepo ni wake, alisimama kabisa.

— Lakini dawa yenyewe, ile kubwa, hawataki kuisikia. Kazi hakuna, sivyo? Na pensheni iko. Sasa, kijana akifika miaka ishirini, astaafu hapo hapo. Aanze na pensheni angali na meno. Kazi atafanya akizeeka, ikipatikana.

— Na akifa kabla azeeke? Jama aliuliza.

Swali lilimtoka kabla hajalipima. Spika aliketi.

— Mimi nilistaafu mapema, basi, Digrii alisema hatimaye, akijaribu kulirudisha benchi mahali pake. Niko kwa boda.

Kisha sauti yake ikashuka, na hakuwa akitania tena.

— Unajua, mimi nilienda interview nikiwa nimejitayarisha mpaka nikajiogopa. Nilibisha. Nikaingia. Nikasimama wima, nikasema jina langu lote, polepole, nikiwaangalia. Waliliandika. Nikaona wakiliandika. Mpaka wa leo hawajaniita. Lakini hii pikipiki ni yangu. Wale tuliingia besi ya boda pamoja, wote walichukua za mkopo, sasa zingine zimeshapakiwa kwa lori na wenye mkopo zikaenda. Mimi niliweka kidogo kidogo mpaka nikanunua hii kuukuu. Hiyo akili ya kungoja niliipata hapo ndani. Nilifunzwa na...

Alimtazama mzee, akafunga mdomo.

— Nilifunzwa, alimalizia.

Chairman aliubana ufunguo mfukoni. Laiti kijana angeliendelea. Laiti angelisema jina hilo tu, hata kwa bahati mbaya, hata kwa kujikwaa. Alikumbuka alasiri zile alizokaa hapahapa huku somo likiendelea nyuma yake. Mwanafunzi alitoka nje, akabisha hodi, akaingia, akasimama, akataja jina lake kamili. Na kama alilitaja chini chini alirudishwa nje aanze upya. "Usiliseme jina lako kama mtu anayekohoa kanisani," sauti ya binti yake ilisikika kutoka ndani. "Hakuna atakayelibeba kama wewe unaliangusha." Majina ya watoto wa Majimbo yalitoka mlangoni mchana kutwa, moja baada ya lingine, yakipanda kama ndege.

Msichana wa Maua alitokea upande wa kinyozi, buibui lake likiwa na matone mabegani na begi la kitambaa mkononi. Alimsalimia Jama salamu za dini yao, kisha akawageukia wengine.

— Hamjambo wazee. Hujambo ndugu yangu. Mimi naitwa Ilwad. Nilipiga simu juu ya chumba.

— Keti, keti, Spika alisema, akisogea. Jama, mpe mgeni kahawa. Sasa wewe, kabla ufunze vijana wetu kazi, wewe mwenyewe umeandikwa?

— Kwa kandarasi, mzee. Inaisha Desemba.

— Na baada ya Desemba?

— Nitakuwa mwanafunzi wangu mwenyewe.

Hakusema kwa mzaha. Chairman alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Alikuwa na umri uleule aliokuwa nao binti yake akifunza. Chini ya kucha yake moja palikuwa na weupe wa chaki.

— Hao vijana watakuja? Ilwad aliuliza. Kule nimetoka walikuja siku ya kwanza kwa sababu ya soda.

— Watakuja, Digrii alisema. Mimi nitawaleta na hii pikipiki, hata bila soda.

— Na ubao upo ndani? Niliambiwa kulikuwa na darasa zamani. Kama upo, nitaupangusa mwenyewe, niupake rangi upya, usipate gharama.

Jama alishika birika asimimine. Spika alitazama viatu vyake, soli kwa soli.

— Ubao upo, Chairman alisema. Una maandishi. Somo la mwisho. Mapato, halafu matumizi, halafu kilichobaki. Hapo kwa kilichobaki hapakujazwa.

Spika aliinua kichwa polepole.

— Umeona lini, Chairman?

— Usiku. Mlango ulilia ni mimi niliufungua. Nilitaka kuupangusa ubao mwenyewe, nisingoje mkono wa mgeni. Nilishindwa. Kitambaa kiko huko ndani, sakafuni.

Hakuna aliyesema habari za mahindi tena. Digrii aliivua kofia yake ya boda akaiweka magotini, kama mtu aliyefika mazikoni amechelewa. Spika alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu benchi hilo lipigiliwe misumari, hakikutoka kitu.

Ilwad hakuelewa yote, lakini alielewa kiasi. Alingoja. Kisha alitoa simu yake begini.

— Samahani, mzee wangu. Kinyozi alinipa namba yako bila jina, kwa hivyo nimekuandika Mwenye Chumba. Siwezi kukuita hivyo kila siku ukinisalimia hapa. Wewe ni baba nani?

Lilikuwa swali la kawaida, lile ambalo mtoto yeyote aliyelelewa vizuri huku humuuliza mtu mzima. Jama aliinamisha birika juu ya kikombe chake. Likatoa tone moja na masimbi ya kahawa. Kahawa ilikuwa imekwisha, kwa hiyo hapakuwa na kikombe cha kujifichia. Spika alimtazama Digrii. Digrii alimtazama mzee, midomo yake ikiunda herufi ya kwanza, asithubutu.

Mzee Mwongera aliutoa mkono mfukoni. Aliuweka ufunguo kwenye benchi, kando ya vikombe vitupu. Kisha akasimama. Aliinua kidevu. Alingoja mpaka macho ya msichana yakutane na yake, kama walivyokuwa wakingoja wale watoto ndani ya mlango, na akasema polepole, bila kukohoa:

— Mimi ni Baba Kajuju.