Zahara binti Mansur, na Jina Nililoombwa Kulitaja

Masheikh, wazee wa mtaa, majirani, na nyinyi mliokaa tangu asubuhi mkilia kwenye nyumba isiyo ya msiba, poleni na karibuni. Naitwa Hamim. Mimi ni mdogo wake marehemu, na leo Alhamisi, tarehe 13 Novemba 2025, nimepewa kazi mbili kabla hatujambeba dada yangu kwenda makaburini. Ya kwanza ni kueleza maisha yake. Ya pili, wazee wameniomba nimtaje mbele yenu mtu atakayeiongoza Munno Mukabi baada yake, ili chama chetu cha kusaidiana kisivunjike. Ya kwanza naiweza kiasi. Ya pili imenivuruga akili, kwa hiyo maneno yangu yakiyumba mnisamehe, nami nayumba.

Marehemu Zahara alizaliwa Kibuli, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Mansur bin Abdul-Latif na marehemu Bi Sabah. Kitambulisho chake kinasema tarehe 1 Januari 1958. Mama yetu alisema ni mwisho wa Shaabani mwaka huohuo, mvua za Machi zimeshaanza. Dada mwenyewe alitumia tarehe iliyomfaa siku hiyo. Babu wa baba yetu alikuja Buganda na misafara ya biashara kutoka pwani, akaoa, akabaki. Ndiyo sababu nyumbani kwetu tuliongea Kiswahili, na watoto wa jirani walituuliza kama baba yetu ni polisi, maana kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya askari.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kibuli akamaliza darasa la saba mwaka 1972, na Kurani alifundishwa na baba. Mwaka niliozaliwa mimi, 1966, mama aliugua sana, basi Zahara akawa ananibeba mgongoni mpaka darasani. Mwalimu alimruhusu kusimama nyuma ya darasa akinibembeleza huku anaandika. Hesabu alizipata zote, ila maandishi yake yalipinda kwa sababu yangu. Mimi hujisifu kwamba nilianza shule kabla ya wenzangu wote, naye alikuwa akijibu kwamba nililala muda wote.

Alipotoka shule alikaa na baba dukani akajifunza biashara ya vitambaa. Mwaka 1988 alifungua duka lake mwenyewe hapa Kyebando, akiuza magauni ya gomesi, kanga, mashuka na bafta. Mliokuwa wateja wake mnajua kwamba mtu aliingia kununua kitambaa cha pazia akatoka ameshatumwa kumpelekea mgonjwa uji. Wapo walioanza kupita barabara ya juu ili wasionekane dukani. Nao aliwafuata nyumbani.

Tarehe 14 Juni 1980 aliolewa na marehemu Sufian, dereva wa lori, Mnubi wa hapa Kyebando. Mama yetu aliuliza kama Waswahili wameisha Kampala. Mama yake Sufian aliuliza kama wasichana wa Kinubi wameisha Uganda. Wale mama wawili walipokutana kulalamika pamoja wakapatana, wakawa marafiki mpaka kufa. Mungu aliwajalia Zahara na Sufian watoto wawili, Shamim na Mansur. Sufian alifariki tarehe 9 Septemba 2004, na dada hakuolewa tena.

Sasa nifike kwenye lile lililowaleta nyote hapa. Mtaa huu haukuwa hivi. Mwaka 2007 mvua ilijaza mfereji ule unaopita nyuma ya maduka, maji yakaingia ndani ya nyumba, na kila mtu akajua aliyeuziba ni nani: jirani yake. Marjan, fundi wa kuchomelea mageti, na Moreen, ambaye huleta samaki kutoka Ggaba, walitukanana mpaka wakaacha kusalimiana. Upande wa Marjan ukawa wa Waislamu, upande wa Moreen ukawa wa Wakristo, ingawa taka zilikuwa za wote. Dada alichukua jembe Jumamosi asubuhi akaingia mferejini na gauni lake la dukani. Hakumwita mtu. Alikaa humo mpaka watu wakaona aibu, wakashuka mmoja mmoja, Marjan huku na Moreen kule, wakakutana katikati wamejaa matope hata hawajulikani nani ni nani.

Ndiyo tukaanza bulungi bwansi ya kila Jumamosi, kazi ya hiari ya mtaa kama wazee wa Buganda walivyozoea. Baadaye tukaongeza Munno Mukabi kwa ajili ya misiba, kwa sababu dada aliona wafiwa wanapika huku wanalia. Yakanunuliwa masufuria makubwa ya wote. Hapo tena ugomvi: Waislamu hawawezi kula kilichochinjwa ovyo, na wengine hawataki kuambiwa wale nini. Dada akapanga kwamba mnyama wa msiba wowote atachinjwa na Mwislamu, na nguruwe haingii katika masufuria yale, lakini Waislamu nao watachimba kaburi la Mkristo na kukaa mpaka wimbo wa mwisho. Odyek, askari mstaafu kutoka Lango, alikubali kwa niaba ya watu wake akasema, "Mama, hiyo ni oda, tunafuata." Perpétue, mshonaji aliyetoka Bukavu akiwa hajui mtu hapa, alikaribishwa kwa kupewa mwiko wa kukorogea posho, ugali wetu wa hapa. Tangu hapo hatujazika mtu yeyote mtaani humu kwa mikono ya upande mmoja.

Marehemu alianza kusumbuliwa na sukari mwaka 2016. Mwaka jana figo zikaanza kushindwa, na baada ya Ramadhani ya mwaka huu alikuwa mtu wa kitandani. Majirani walikuja kumwona kila siku, mmoja mmoja, maana daktari alikataza umati. Niliona jambo ambalo sikulielewa. Mtu aliingia amenyong'onyea, akatoka amenyoosha mgongo, ananiaga kwa heshima kama amepandishwa cheo. Nikadhani anawaombea dua. Aliaga dunia nyumbani kwake jana Jumatano, tarehe 12 Novemba, baada ya Magharibi, akiwa na bintiye Shamim na mimi.

Karatasi mlizogawiwa zinaishia hapo. Yanayofuata nimeyaandika adhuhuri ya leo, na mnisikilize vizuri, maana mimi mwenyewe sijayashika yote.

Leo asubuhi nilitoka nje kuanza kupanga msiba nikakuta umeshapangwa. Umepangwa mara nyingi. Hema mbili zilikuwa zinagombea uwanja mmoja. Moreen alikuwa ametangaza kwamba waombolezaji wapokelewe kwake, kwa kuwa kwetu ni padogo, basi nusu ya mtaa ilikuwa uani kwa Moreen inalia, na mfiwa hata mmoja hayupo. Makaburini, Odyek na vijana wake walikuwa wameshachimba kaburi tangu alfajiri, refu, zuri, limenyooka, ila halikuelekea kibla na halikuwa na mwanandani wa kumlazia maiti. Marjan alifika na watu wake wakachimba jingine pembeni ya Sufian. Kwa hiyo dada yangu, aliyeishi nyumba ya vyumba viwili, leo ana makaburi mawili.

Huku ndani, Perpétue alileta sanda. Alikesha akiishona. Aliipiga pindo pande zote kwa uzi mweupe, mishono midogo midogo hata huioni. Bi Kaltumi, anayeosha maiti, aliishika akamtazama, akamwambia taratibu, "Mwanangu, sanda haishonwi." Perpétue alikaa chini akalia: "Nilitaka Mama aende muzuri. Miye nilikuwa sijue." Bi Kaltumi naye akakaa chini. Wakaingia wanawake wengine, Waislamu na wasio Waislamu, wakaizunguka sanda ile wakaanza kufumua, kila mmoja na pindo lake. Niliwaona kupitia mlangoni, na hapo ndipo nililia kwa mara ya kwanza tangu jana.

Nilipofuta machozi niliwaita wote wanne, Marjan, Moreen, Odyek na Perpétue, nyuma ya nyumba, nina hasira. Nikauliza, "Nani amewatuma?"

Marjan akasema, "Wallahi, mzee Hamim, ni yeye mwenyewe. Alinishika mukono akasema, Marjan, mimi nikienda, wewe ndiyo utashika hii kazi. Usiambie mutu."

Moreen akaweka beseni chini. "Banange! Marjan, wewe unasema nini? Mimi ndiyo aliniambia. Alisema, Moreen, masufulia yote yatabaki kwako, wewe ndiyo utakaa kwa kiti yangu. Na mimi sikuambia mutu."

Odyek alikuwa bado na udongo kwenye viatu. "Lakini oda nilipewa mimi. Siku ya Idi. Alisema iko siri."

Perpétue alisema kwa sauti ndogo, "Aliniambia asema ni weye, Perpétue. Ni weye tu."

Kuku walipita katikati yetu. Kisha Shamim, aliyekuwa amesimama mlangoni, akauliza lile nililoogopa kuuliza: "Baba mdogo, wewe ulisikia nini? Au mama alikuwa anasahau?" Nikamsahihisha kwamba mimi ni mjomba wake, siyo baba mdogo. Hivyo ndivyo tulivyochanganyikiwa leo.

Daktari aliwahi kutuambia kwamba figo zikichoka akili nayo huteleza. Inawezekana kila aliyeingia dada alimwona kama ndiye wa kwanza. Lakini jioni zile zile alinikumbusha jina la kila mgonjwa wa mtaa na chakula anachokatazwa. Inawezekana pia alijua kabisa anachofanya. Hilo nalo linanishinda, kwa sababu dada yangu hakuwa mwongo. Au alikuwa mwongo mzuri kiasi kwamba sisi ndugu zake hatukugundua. Nimekaa na mambo haya mawili tangu asubuhi na hakuna linalokubali kuondoka.

Na niseme lililoniuma. Mimi hakuniambia. Nilikaa kando ya kitanda chake kila jioni, nikimkanda miguu, na hakuniambia kwamba ni mimi. Alinituma tu dawa. Nimeumia, siwafichi.

Wazee wanataka jina. Wanasema lisipotajwa leo, kabla ya udongo, kila mmoja atarudi kwake na watu wake, na tutakuwa kama mwaka 2007. Wanaogopa na mimi naogopa. Nimejaribu kuchagua. Nikimtaja Marjan kwa sababu ni Mwislamu, Odyek atachukua vijana na majembe yake. Nikimtaja Odyek, wajukuu wa Kinubi watauliza tangu lini mtu wa Lango akawaongoza. Moreen nikimtaja, wataanza kusema Baganda wameuchukua tena mtaa wao. Na Perpétue wataniuliza mgeni anatuongozaje, ingawa sasa huu ni mwaka wake wa kumi na kitu hapa na watoto wake wanaongea Kiganda kunishinda.

Nilipokuwa nikifikiri hivyo, Odyek alikuja kuniambia lile kaburi la kwanza wanakwenda kulifukia. Moreen akasimama kumzuia. Kwao shimo la kaburi likichimbwa halirudishiwi udongo mikono mitupu, linawekewa mgomba badala ya maiti. Nikadhani Marjan atakataa, maana kwetu jambo hilo halipo. Akaingia nyuma ya nyumba ya Moreen na panga, akakata mgomba, akauweka begani. Sheikh alikuwa anatazama upande mwingine, Mungu ambariki. Wakaondoka pamoja, Mwislamu kabeba mgomba, mtu wa Lango kabeba jembe, Moreen mbele anawaelekeza kwa kelele, na Perpétue nyuma yao na uzi wa sanda bado umenasa kwenye kanga yake. Kila mmoja anatembea kama mwenyekiti.

Kwa hiyo, wazee wangu, sitataja jina. Dada yangu alimwangalia kila mmoja wao usoni akamwambia ni yeye. Mimi ni nani nisimame hapa leo, naye yuko nyuma yangu hawezi kujibu, nimwambie mtu yeyote kwamba alidanganywa? Na kutoka asubuhi nimeanza kuwashuku na wengine wenu. Naona migongo mingi imenyooka uani humu. Kama na wewe uliambiwa, usinieleze.

Marehemu ameacha watoto wawili, Shamim wa Ntinda na Mansur aliye safarini kutoka Juba, wajukuu saba, mdogo mmoja, ambaye ni mimi, shemeji na wifi wengi, na viongozi wa Munno Mukabi ambao idadi yao hatuijui.

Tukitoka kuzika kuna masufuria ya kuosha, na Jumamosi kuna mfereji. Anayejua kwamba ni yeye aliyeachiwa kazi, aje aifanye. Mimi ambaye sikuachiwa, nitakuja kupokea amri.

Mwenyezi Mungu amsamehe dada yangu, amlaze pema, na ampe pumziko ambalo sisi sote hapa, upande huu na ule, hatukuwahi kumpa. Tumbebeni sasa. Taratibu, na tubadilishane mabega.