Kiuno cha Bibi Harusi

Basi lilikuwa kwenye foleni na sikio halina pazia, kwa hiyo msusi wa kiti cha nyuma alisikia yote. Mbele yake fundi cherehani alikuwa akimlilia nesi waliyekutana naye humo humo.

“Nilipiga picha daftari langu la vipimo, nikaipa akili mnemba inipangie. Ikaniuliza: bibi harusi wa Jumamosi kiuno kimepimwa mara tatu na kila mara kimepanuka, je, ni mjamzito? Dada, nilimwapia bibi harusi sitamwambia mtu.”

“Majina yalikuwemo?”

“Majina, namba za simu, hata jina la mchumba.”

“Futa.”

“Nimefuta. Nikifuta mimi, na yenyewe inasahau?”

“Inasahau. Au haisahau. Inategemea ulivyoiweka.”

“Niliiweka mezani, karibu na pasi.”

Nesi akakuna kichwa. Msusi akapiga hesabu: Jumamosi mtaani kwao kulikuwa na harusi moja tu, na nywele za bibi harusi huyo angezisuka yeye.

Basi likasimama. Fundi akashuka akiishika simu kwa ncha za vidole. “Lakini kinywa changu,” akasema, “hakijafunguka kwa mtu.”