Kwa Nini Sandra Hayuko Hapa: Maisha ya Mama Dinah Nakhumicha

Mama yetu, Dinah Nakhumicha Barasa, alizaliwa Kimilili tarehe 14 Machi 1964, msimu wa kupanda, ndiyo sababu ya jina Nakhumicha. Ninayesoma ni mimi Hillary, kifungua mimba wake. Mnivumilie, maana nyote mmeona kiti cha dada yangu Sandra kiko wazi, na minong'ono naisikia.

Alisomea hukohuko Kimilili, akahitimu uuguzi Bungoma mwaka wa 1987. Tarehe 9 Desemba 1989 alifunga ndoa kanisani na baba, Barasa Mukhisa, akaletwa hapa Matulo.

Kuanzia 1991 hadi alipostaafu mwaka jana, alihudumu Kitale katika wadi ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Aliwafundisha akina mama kukamua maziwa kila baada ya saa tatu, hata yakiwa matone, na kumeza vitamini zao, kwa kuwa anachokosa mama, maziwa nayo hukikosa. Mjamzito mmoja wa Saboti alificha tembe zake kwenye soksi, akiogopa ati zitanenepesha mtoto ashindwe kuzaliwa. Mama alimfuata hadi nyumbani siku yake ya mapumziko. "Umeze nikiona," akamwambia, "halafu uniwekee chai." Walibaki marafiki.

Moyo ulianza kumsumbua Februari 2025. Tarehe 3 Juni, yeye akiwa amelazwa Bungoma, Sandra alijifungua Kitale wiki kumi kabla ya siku zake: binti wa gramu elfu moja mia mbili. Mama alimpigia simu. "Hata nikienda, Sandra, usikuje matanga. Ukikuja, huyu mtoto atakula nini?" Alitutoka Jumanne tarehe 17, saa nane mchana.

Shangazi yetu alisema binti asipotupa udongo kaburini ni laana, na ati maziwa ya mfiwa ni machungu. Nami nikamsikiliza. Jumatano nilienda Kitale kumchukua Sandra, nikamfokea mchana kutwa. Alilia, akakataa chakula na vitamini, akakosa kukamua mara mbili. Kesho yake maziwa hayakufunika hata kitako cha kikombe, na mtoto alikuwa amepungua gramu arobaini. Muuguzi Chelagat, aliyefunzwa kazi na mama, alinifukuza wadini: "Wewe ni mtoto wa Dinah kweli? Si uende, bana!" Niliona aibu kubwa. Nilimwomba Sandra msamaha, nikamwambia abaki. Shangazi, hasira yako ielekeze kwangu.

Mama ameacha mume wake, Barasa; sisi watoto wawili; na mjukuu ambaye bado hajapewa jina. Jana, kabla karatasi hii haijachapishwa, mjukuu huyo alikuwa ameongezeka gramu ishirini. Saa hii ni saa sita, na Sandra anakamua. Udongo wake nitautupa mimi.

Mama, pumzika kwa amani.