Mzee Nyuki na Noti Tatu za Mwisho

Leo Jumamosi, tarehe 30 Juni, mpiga piano wa ukumbi wetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Uongozi ulitafuta mtu wa kuandika wasifu wake. Wenye vyeti wakaanza kutazamana, nikasema leteni hapa. Shule niliishia njiani, lakini katika jengo hili hakuna aliyemtazama mzee huyu kwa karibu kumshinda mvuta pazia, na mvuta pazia ndiye mimi.

Jina la kwenye mkataba analo, ila hapa kazini hata mkurugenzi humwita Mzee Nyuki. Akipiga piano, anavuma. Mdomo umefungwa, sauti inatokea puani, mmmm, mpaka safu ya tano. Kiti cha piano alikikataa siku ya kwanza kabisa. Alikuja na kigoda cha jikoni kwa mama yake, kifupi hivi kwamba magoti yanakaribia kidevu, na ukimwona kwa mbali utadhani anafua nguo. Kabla ya kuanza hufuta vibonye vyote themanini na vinane kwa leso, kimoja kimoja, nasi tunangoja. Mkono wa kushoto ukikosa kazi huupunga hewani kama anayemwita mtoto aje kula.

Na upigaji wenyewe! Wimbo wa gwaride huupiga kama wa kubembeleza. Wa kubembeleza huupiga taratibu mpaka unaweza kwenda kunawa mikono, ukarudi ukamkuta palepale. Ndiyo maana wasikilizaji wetu waligawanyika. Wanaompenda hukaa kushoto, wanakoiona mikono yake. Wasiompenda hukaa kulia, isikoonekana. Mama wa tiketi haulizi tena safu, anauliza tu, "Wewe wa kushoto au wa kulia?" Kuna bwana mmoja na mkewe huja wameshikana mikono, wakaachana mlangoni, wakaonana tena tamasha likiisha.

Jemadari wa upande wa kulia ni mwalimu mstaafu wa muziki, tunamwita Mwalimu Penseli. Huja na karatasi za muziki, akaweka alama kila mahali Mzee Nyuki anapokwenda kinyume na mtunzi, na kila Jumatatu barua yake iko mezani kwa mkurugenzi.

Sasa aibu yangu. Miaka sita iliyopita, wiki yangu ya kwanza kazini, niliagizwa jambo moja tu: sauti ikiisha, vuta kamba. Basi bwana, Mzee Nyuki akafika mwisho wa ule wimbo wa kubembeleza, zimebaki noti tatu. Akainua mikono yote miwili. Akanyamaza. Nikahesabu mpaka kumi na moja. Ukumbi kimya. Nikajua kazi imeisha, nikalifunga pazia kwa ufundi mkubwa, halikukwama hata kidogo. Ndipo nyuma yake zikasikika: ti, ti, ti.

Kulia walicheka mpaka viti vikalia. Kushoto walisimama kunitafuta. Jumatatu barua hazikuwa moja, zilikuwa kumi na nne, na mkurugenzi akatuita wote wawili. Nilikuwa nimejiandalia utetezi mzuri sana, lakini mzee akanitangulia: "Kijana hana kosa. Mimi ndiye niliyenyamaza." Akaambiwa basi, Jumamosi inayofuata apige kama ilivyoandikwa, kwenye kiti cha kawaida, bila kuvuma, bila kupunga mkono, la sivyo, arudishe funguo za ukumbi. Miaka ishirini na mitano alikuwa nayo hapa siku ile. Tulipotoka nikamuuliza, mzee, kwani pale unanyamaza kwa nini?

"Nasikiliza kama bado wapo," akasema, akabeba kigoda chake kukipeleka nyumbani.

Jumamosi ile alipiga kama mtu anayejaza fomu. Kila noti mahali pake. Makofi yalikuwa ya kikao cha wazazi. Mama wa tiketi akanifuata nyuma ya jukwaa: "Mwanangu, leo wamemleta nani?" Yule bwana na mkewe wakakutana mlangoni, hawana hata la kubishana njiani.

Halafu Mwalimu Penseli akapanda jukwaani. Sisi roho juu. Akamkabidhi mkurugenzi karatasi zake, safi, hazina alama hata moja.

"Saa nzima penseli yangu imekosa kazi," alisema. "Mrudishieni kigoda chake."

Mkurugenzi akazigeuza zile karatasi mbele na nyuma. Mwalimu, si wewe uliyelalamika miaka yote hii?

"Na nitalalamika tena. Anakosea yule! Lakini zile alama huwa naenda nazo nyumbani, nazijaribu kwenye kinanda changu. Mke wangu ameshanigombeza niache kuvuma."

Kigoda kikarudi. Barua za Jumatatu nazo zikarudi, na mzee alikuwa akitusomea wakati wa chai huku akicheka mpaka machozi. Siku hizo za chai ndizo tutakazozikumbuka zaidi. Wafagiaji watakumbuka ule mvumo koridoni, uliowaambia saa bila saa. Mwezi uliopita fundi wa sakafu alitaka kuziba alama tatu ambazo miguu ya kigoda imezichimba jukwaani. Tulimwambia azipite, tena azipite kwa heshima.

Leo atamaliza kwa wimbo uleule wa kubembeleza. Mwalimu Penseli yuko kulia, mahali pake, na penseli ameichonga.

Mzee wetu, asante kwa kulibeba kosa langu mgongoni mwako. Nenda ukapumzike na bibi na wajukuu, uvume upendavyo pasipo kuandikiwa barua, na afya na furaha zikufuate hadi mlangoni. Na leo ukifika kwenye zile noti tatu, nyamaza utakavyo. Kamba ninayo mimi, na siivuti mpaka uniambie. Sikiliza tu. Tupo.